CHAKULA CHA NYUMBANI SI BURE

Na Mwanachama, Kidato cha Tatu

Wahenga walinena, usione vyaelea, vimeundwa. Ndugu msomaji, methali hiyo hunijia kila ninapowasikia wenzangu wakibishana saa ya chakula cha mchana: je, ni nafuu kula kibandani au kupika nyumbani? Wengi huapa kuwa nyumbani ni nafuu. Wengine, hasa waliozoea chapo na madondo, hushikilia kuwa kibanda ndicho mkombozi wa mnyonge. Mimi nasema tusibishane kwa midomo mitupu. Tupige hesabu.

Tuchukue ugali na sukuma wiki, chakula cha jioni cha watu sita. Bei hutofautiana soko hadi soko, lakini tuseme unga kilo 1 ni shilingi 75, sukuma 60, nyanya na vitunguu 40, mafuta ya kupima 30 na makaa 50. Jumla ni shilingi 255. Sasa wapeleke hao sita kibandani, kila sahani shilingi 70. Utalipa 420. Kupika nyumbani kumeokoa shilingi 165. Hapo watetezi wa nyumbani watapiga makofi.

Ngojeni kwanza! Mfikirie kijana anayeishi peke yake katika chumba cha kupanga. Unga wa 15, sukuma ya 20, nyanya na kitunguu 15, mafuta 10. Hiyo ni 60, na bado hajawasha jiko. Makaa nayo hayapungui mara sita kwa sababu mlaji ni mmoja. Akitumia ya 30 tu, amefika 90. Huyo kibanda kinamfaa. Maharagwe ndiyo usiseme, maana huchemka kwa muda mrefu. Mama wa kibandani huchemsha sufuria kubwa kwa moto mmoja, na gharama ya moto huo ikagawanyika kwa sahani nyingi. Siri yake ni hiyo.

Basi jibu hutegemea idadi ya walaji. Hata hivyo, hesabu yetu haijaisha. Je, ni nani aliyepika?

Kuwasha jiko, kuchambua na kukatakata sukuma, kusonga ugali, kupakua, kisha kuosha vyombo: nimejipima kwa saa, nikapata saa 2 na nusu. Ukizigawanya zile shilingi 165 kwa muda huo, unapata shilingi 66 kwa saa. Mama wa kibandani hulipwa kwa kazi hii. Nyumbani anayeifanya hapati hata ndururu, na mara nyingi ni mama au msichana. Julai 2022, pakiti ya unga ya kilo 2 ilipopita shilingi 200 na serikali ikatangaza iuzwe kwa 100, nchi nzima ilizungumza juu ya bei ya unga. Sikusikia mtu akiuliza bei ya jasho la anayeusonga.

Sisi wasichana wa shule za kutwa tunalijua jambo hili vizuri. Tukifika nyumbani, jiko linatungoja. Kaka yetu naye hufungua kitabu. Saa 2 na nusu kila jioni, kwa siku 5 za shule, ni saa 12 na nusu kwa wiki. Mtihani wa KCSE nao hautauliza ni nani aliyekuwa akisugua sufuria.

Sisemi tuache kupika, la hasha! Wazazi wetu watazitoa wapi shilingi 420 kila jioni? Ninalosema ni kwamba nafuu hiyo tunaila sote, kwa hivyo kazi yake nayo tuifanye sote. Kaka akikata sukuma huku dada akiwasha jiko, na mmoja akaosha vyombo huku mwingine akipanguza, kazi itaisha mapema na wote wawili watapata nafasi ya kusoma.

Kuna wanaodai ati ni aibu mwanamume kuingia jikoni. Ajabu iliyoje! Mahotelini wapo wapishi wanaume tele na hakuna anayewacheka. Kwani aibu huondolewa na mshahara?

Jamani wavulana, jioni ya leo mkifika nyumbani, kabla ya kuuliza kama chakula kimeiva, ulizeni kisu kiko wapi.