Fundi Aliyepunguzwa Kazini Si Mzururaji

Limezuka neno siku hizi ambalo kila mwenye kiti cha kukalia hulitoa kinywani bila kulitafuna: jiajiri. Mwashi amepunguzwa kazini, huambiwa ajiajiri. Seremala amerudishiwa vyeti vyake langoni, huambiwa ajiajiri. Fundi bomba anaulizia malipo yake ya likizo, naye huambiwa ajiajiri, kana kwamba hiyo ni habari mpya iliyofika jana. Wasemaji hao hawajui, au wanajifanya hawajui, kwamba wengi wa watu hao walikuwa wamejiajiri kabla kampuni haijawaita. Hawaendi ugenini. Wanarudi walikotoka, tena mikono mitupu kuliko walivyoondoka.

Nimpe msomaji mfano wa jirani yangu mmoja, mwashi wa hapa Mbagala. Alianza kwa mwiko wake, pimamaji, timazi na toroli moja, na nyumba alizozisimamisha zingali zimesimama. Kampuni moja ya ujenzi ikamwajiri, naye akaona hana haja tena ya zana, kwa kuwa mwajiri alikuwa nazo. Toroli akampa shemeji yake; vilivyobaki vikaenda viendako vitu vya nyumba yenye watoto wanne wa shule. Wateja wake nao wakatafuta mafundi wengine, na hiyo ndiyo hasara asiyoihesabu mtu siku anayotia sahihi mkataba wa ajira. Akatumika miaka 17. Kazi zilipopungua akaitwa ofisini pamoja na wenzake, akakabidhiwa barua ya mistari sita.

Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 haikukusudia hivyo. Ilimtaka mwajiri, kabla ya kumwondoa mtu, atoe taarifa, aeleze sababu, na ashauriane na wafanyakazi au chama chao juu ya njia za kuepuka upunguzaji huo na juu ya namna ya kuwachagua wa kuondoka. Jirani yangu anasema mashauriano aliyoyaona yeye yalikuwa kuulizwa kama ana kalamu.

Sasa tutazame hesabu, maana hapo ndipo penye donda. Sheria hiyohiyo iliweka malipo ya kusitishwa kazi kuwa si chini ya mshahara wa siku 7 kwa kila mwaka kamili wa utumishi, lakini hesabu ikomee miaka 10. Saba mara kumi ni siku 70. Aliyetumika miaka 10 anapata siku 70. Aliyetumika miaka 17 anapata siku 70. Aliyezeekea kwenye majukwaa ya ghorofa kwa miaka 30 naye anapata siku 70. Ni kweli kwamba hicho ni kiwango cha chini, na mwajiri hakatazwi kuzidisha. Waajiri wanaozidisha kwa hiari yao tungependa wajitokeze tuwapigie makofi. Siku 70 hazifikii hata msimu mmoja wa masika: aliyeachishwa mwanzoni mwa Machi huzimaliza mvua zikingali zinanyesha na misingi ya watu ingali imejaa maji. Katika siku hizo ndimo anapotakiwa kulipa kodi ya chumba, kumaliza deni la dukani, kusomesha, kisha ati anunue zana na kuanza upya.

Halafu kuna mchezo mwingine, mchafu zaidi. Miezi michache baada ya kumwondoa, baadhi ya makampuni humwita fundi yuleyule kwenye kazi ileile. Safari hii si mwajiriwa bali ni mtu wa kulipwa kwa mita: mita kadhaa za lipu, fedha kadhaa, basi. Nyapara ni yuleyule, saa za kuingia na kutoka ni zilezile. Kilichoondoka ni likizo, mchango wa hifadhi ya jamii, na kinga ya Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi uliotokana na sheria ya mwaka 2008, ambao mchango wake hutolewa na mwajiri. Akianguka kutoka kwenye jukwaa, ameanguka peke yake. Huko si kujiajiri. Ni kuajiriwa kwa kificho, na maofisa wa kazi wanaopita kwenye maeneo ya ujenzi wanao uwezo wa kuutambua unyonyaji huo wakitaka kuutambua.

Wapo watakaojibu kwamba Serikali imekwisha kuweka mikopo. Tangu mwaka 2018 sheria imezitaka halmashauri zitenge asilimia 10 ya mapato yao ya ndani: 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu. Jambo jema, wala sitaki lipunguzwe hata chembe. Lakini jirani yangu ana miaka 52. Si mwanamke, si kijana, wala, kwa rehema ya Mungu, hajavunjika mguu. Je, angoje avunjike?

Wala asiniambie mtu kwamba mafundi wa mtaani ni wababaishaji wasioaminika. Mwaka 2021, Taifa lilipopata fedha za mkopo wa kukabiliana na UVIKO-19, madarasa 15,000 yalipangwa kujengwa kwa miezi michache, na waliotegemewa vijijini na mitaani walikuwa mafundi haohao. Wakati wa haraka wanaitwa mafundi jamii; haraka ikiisha wanaitwa vibarua. Ni wangapi kati yao waliopewa barua ya kuthibitisha kazi waliyoifanya, ya kumwonyesha mteja mwingine?

Ubaya huu wa kumtazama fundi asiye na mwajiri kama mtu asiye na kazi una mizizi. Ilipotungwa Sheria ya Nguvukazi mwaka 1983, wananchi wengi wa mijini wasio na ajira rasmi walihesabiwa kuwa wazururaji. Sheria zimebadilika, jicho halijabadilika. Fundi akaaye na mwiko wake nje ya duka la vifaa akingoja mteja, bado mgambo humwuliza anafanya nini pale.

Sisemi mafundi ni malaika. Wamo wanaopokea fedha ya kutangulizia wakazima simu, na wamo wanaoiba saruji ya mwenye nyumba kwa karai. Hao ndio wanaomharibia jirani yangu, kwa sababu mteja aliyeumwa nao sasa anamlipa nusu hadi nyumba ipauliwe, na nusu ya pili huifuata kwa miguu mwezi mzima. Karatasi moja ya makubaliano, iliyoshuhudiwa na mwenyekiti wa mtaa, ingewalinda wote wawili.

Wabunge wetu wameirekebisha sheria ya kazi mara kadhaa tangu 2004. Wairudie tena, wakifute kikomo cha miaka 10, ili kila mwaka wa jasho uhesabiwe. Halmashauri nazo zifungue fungu la zana kwa fundi aliyepunguzwa mwenye cheti cha ufundi au ujuzi uliothibitishwa na VETA, awe na umri wowote. Jirani yangu hadai zaidi ya hapo. Juzi alikwenda kwa shemeji yake kuliomba toroli lake, akalikuta halina gurudumu.