SAFARI SI KUTAZAMA TWIGA

Katika maneno ya Kiswahili yaliyohamia Kiingereza, hapana lililovuma kama safari. Mgeni ashukaye Unguja akilisikia, humjia akilini simba, twiga na gari lililo wazi paa. Hatumlaumu, ndivyo alivyofundishwa kwao. Linalosikitisha ni sisi wenye neno kuikubali maana hiyo finyu, hata kuiandika katika matangazo yetu.

Asili yake ni neno la Kiarabu safar, yaani mwendo wa mtu atokaye kwao. Kila aliyekaa chuoni anazijua hukumu za msafiri: sala hupunguzwa, saumu hulipwa baadaye. Kwetu neno likazaa msafara na usafiri, likapanuka mpaka kuwa na maana ya "mara", tusemapo "safari hii". Avukaye kwenda Pemba kumzika mjomba wake yuko safarini, ingawa haoni hata swala.

Waingereza walilipata njiani. Richard Burton, aliyeingia Kaze, karibu na Tabora ya leo, Novemba 1857 baada ya miezi minne na zaidi tangu pwani, alilitia katika kitabu chake cha 1860. Njia hiyo ilipita Kigwa, mashariki ya Tabora. Stanley naye aliipita mwaka 1871. Waliokuwa wakiitembea mwaka hata mwaka ni wapagazi, wengi wao Wanyamwezi, kila mmoja na mzigo wa frasila mbili hivi, kama kilo 32. Mtaji ulitoka Unguja. Pembe na watumwa wakateremshwa kwa njia hiyo hiyo. Basi sisi wa visiwani tusijifanye wageni wa habari hizi.

Reli ilipofika Tabora mwaka 1912, mpagazi akasahauliwa. Neno wakabaki nalo wawindaji, ambao Theodore Roosevelt alikwisha kuwavumisha kwa msafara wake wa 1909. (Hata vazi tuliitalo Kaunda suti, wao huliita suti ya safari.)

Mwaka 2006 Tanzania iliiweka njia hiyo katika orodha ya awali ya Urithi wa Dunia. Ni vyema, lakini orodha haisomwi na mpita njia. Wakubwa wa utalii, wa Bara na wa Zanzibar, hatuwaombi makumbusho. Tunaomba kibao pale Kigwa, kwa Kiswahili kwanza, kiwataje wapagazi; na katika vijitabu vya wageni, mistari michache isemayo neno hili lilikuwa la nani.