Ilani ya Wenye Maumivu Sugu wa Rungwe

Sisi wachuma chai wa Katumba, wakulima wa viazi wa Isongole, wabeba ndizi, mafundi na walimu wastaafu, tumekutana Tukuyu kuanzisha harakati hii kwa kuwa tumechoka kutibiwa vipande vipande. Kiuno kina dirisha lake, usingizi una lake, huzuni haina dirisha kabisa. Ukiitaja, unaambiwa ukasali. Tunasali. Bado hatulali.

Maumivu yakipita miezi 3 ni ugonjwa kamili, na Shirika la Afya Duniani limeyatambua hivyo katika orodha yake ya magonjwa iliyoanza kutumika 2022. Mgongo hukatiza usingizi, asiyelala huumwa zaidi kesho yake, na sonona huingilia hapo. Neva huweza kuendelea kupeleka habari za maumivu kwenye ubongo hata jeraha likishapona. Ndiyo maana eksirei hutoka safi, mama wa watu akaitwa mzushi.

Ubongo ukiwa sehemu ya ugonjwa, nao utibiwe. Zipo tiba za kuuchochea bila kupasua kichwa. Moja hutumia sumaku: Anthony Barker na wenzake waliionesha Sheffield, Uingereza, mwaka 1985, na Marekani ikairuhusu kwa sonona 2008. Nyingine ni umeme hafifu, miliampia 1 au 2, unaopitishwa kwenye sponji zenye maji ya chumvi kwa dakika 20 hivi. Huendeshwa kwa betri. Wanaojua mvua za Rungwe na umeme wake wataelewa kwa nini tumelitaja hilo.

Lakini hatutadanganyana. Kwa sonona, sumaku ina ushahidi mzuri. Kwa maumivu sugu, nafuu iliyoonekana ni ndogo na tafiti nyingi zina wagonjwa wachache. Kwa usingizi, ushahidi ni haba zaidi. Kwa hiyo hatudai mashine ifike hospitali ya Makandana kesho, na tunawapinga wanaopita minadani na vifaa vya "kutibu mwili mzima".

Tunachodai leo ni cha bei ndogo. Anayelalamikia mgongo aulizwe pia amelalaje na moyo wake ukoje, na mzee aulizwe kwa Kinyakyusa akitaka. Dawa ya maumivu ya diklofenaki isitolewe mwezi baada ya mwezi bila kupima presha na figo. Mazoezi ya viungo na ushauri wa usingizi vipatikane wilayani, si Mbeya mjini tu.

Watafiti wa tiba hizi wakija, karibuni. Mtuulize kwanza kuhusu kifafa na chuma kichwani. Mtueleze wazi kwamba baadhi yetu tutawekewa kifaa kisichowashwa, ili kulinganisha. Ikithibitika kuwa tiba inafaa, ibaki hospitali ya umma na iingizwe kwenye Bima ya Afya kwa Wote, ambayo sheria yake ilipitishwa 2023.

Kuanzia sasa, mwanachama haendi kliniki peke yake. Mwenzake ataingia naye, na daktari asipouliza habari za usingizi, atazisema yeye.