Ugumu uko mpakani

Ndugu mwandishi, katika makala yako kuhusu mafumbo ya mantiki umepita haraka mno pale penye utamu. Umesema masharti yakizidi, fumbo la kuchagua kweli au uongo kwa kila kigeu hukosa jibu. Ni kweli, lakini mpaka wenyewe uko wapi?

Chukua fumbo lenye masharti ya kubahatisha, na humo sharti moja la sehemu tatu: A kweli, au B kweli, au C uongo. Kati ya michanganyiko 8 ya A, B na C, sharti hilo hukataa 1 tu, hivyo jibu la kubahatisha hulitimiza kwa uwezekano wa 7/8. Zidisha idadi ya michanganyiko yote kwa 7/8 mara moja kwa kila sharti, utaona wastani wa idadi ya majibu unaporomoka kuelekea sifuri masharti yakizidi 5.19 kwa kila kigeu. Lakini kwenye majaribio ya kompyuta majibu hupotea mapema zaidi, karibu na 4.27! Sababu ni kwamba mafumbo machache yenye majibu mengi kupindukia huupandisha wastani, wakati mengine karibu yote hayana hata jibu moja.

Na hapo hapo mpakani ndipo kompyuta hutaabika kuliko kwingine kote, kama Mitchell, Selman na Levesque walivyoonyesha mwaka 1992. Chini ya hapo jibu hupatikana upesi. Ukipita sana, mgongano hujitokeza mapema.

Ding, Sly na Sun walithibitisha mpaka wa namna hii mwaka 2015, ila kwa masharti yenye sehemu nyingi. Kwa sehemu tatu, uthibitisho kamili bado haujapatikana. Tafadhali tuandikie makala ya pili kuhusu kazi yao.