Manono: silabusi si bidhaa ya soko

Kwenye vyuo vya Kongo, silabusi ni kile kitabu cha fotokopi ambacho mwanafunzi ananunua kwa mwalimu. Asiyenunua anaingia mtihani na woga. Wizara mjini Kinshasa imekwisha kukataza biashara hiyo, lakini inaendelea. Hapa Manono, mtoto wa familia iliyokimbia mapigano ya Watwa na Waluba atoe wapi hizo franka?

Mfumo wa LMD unamtaka mwalimu aandike mapema mambo ambayo mwanafunzi atajua kufanya somo likiisha, na jinsi pointi zitakavyotolewa. Hayo yanaenea karatasi moja. Ibandikwe mlangoni, bure! Na kanuni ya mahudhurio imfikirie anayetoka kambini kwa miguu: kumnyima mtihani kwa sababu mvua ilimzuia njiani ni uonevu.