Tuwapime Wazazi Kama Tulivyowapima Watoto

Mwaka 1983 ulianzishwa mkoani Iringa mradi wa lishe wa Serikali, ukisaidiwa na Shirika la Afya Duniani na UNICEF, nao ukafanyiwa kazi kwanza katika vijiji 168. Chombo chake kikuu hakikuwa cha ajabu: kilikuwa mizani. Kila baada ya miezi michache akina mama waliwaleta watoto wao wadogo, uzito ukaandikwa katika kadi, na kamati ya kijiji ikakaa kitako kuuliza ni watoto wangapi wamekonda, kwa sababu gani, na kifanyike nini. Utapiamlo mkali ulipungua sana. Mwaka 1990 UNICEF iliingiza katika mkakati wake wa lishe kwa dunia nzima mbinu hiyo ya kupima hali, kuchambua sababu na kuchukua hatua.

Watoto wale wa mizani leo wanakaribia miaka 40 au wamekwisha kuivuka. Swali langu kwa walimu na wanafunzi ni hili: ni nani anayewapima sasa?

Mimi ni mmoja wao. Mama yangu aliitunza kadi yangu sandukuni pamoja na cheti cha ubatizo. Baadaye nilisoma, nikavuka bahari, nikarudi na shahada ya udaktari wa falsafa, nikawa nafundisha vijana. Siku moja mjini Mbeya nilikuta wauguzi wakipima watu bure karibu na soko, nami nikanyoosha mkono kwa heshima tu, ili nisionekane mwenye majivuno. Kipimo kilisoma 164 kwa 102. Muuguzi akaniuliza kwa upole, "Mwalimu, mara ya mwisho ulipima lini?" Sikuwa na jibu. Kadi niliyoweza kuikumbuka ni ile ya mama.

Yafaa tuelewe namba hizo zina maana gani. Moyo wa mtu mzima aliyetulia hupiga kama mara 70 kwa dakika, yaani mara 100,800 kwa siku. Mwanafunzi akizidisha kwa siku 365 na kwa miaka 40 atapata karibu mipigo bilioni moja na nusu. Kila pigo husukuma damu katika mishipa ya ateri, na ateri hutanuka na kurudi. Namba ya kwanza ni shinikizo wakati moyo unaposukuma. Ya pili ni shinikizo wakati unapopumzika. Zote hupimwa kwa milimita za zebaki. Kadiri umri unavyosonga, ateri hupoteza unyumbufu wake na kukakamaa. Chumvi nyingi huufanya mwili kuzuia maji, na ujazo wa damu ukaongezeka. Shinikizo likipimwa zaidi ya siku moja na kuonekana limefika 140 kwa 90 au kupita, huo ni ugonjwa. Nao hauumi. Mtu hulima, hucheka, hula, mpaka siku moja anapatwa na kiharusi au figo zinapochoka.

Hapo ndipo ilipo tofauti na maadui wa zamani. Kampeni ya Mtu ni Afya ya mwaka 1973, iliyowakusanya watu wapatao milioni 2 katika vikundi vya kusikiliza redio na kujadiliana, ilipigana na vitu vinavyoonekana: dimbwi la mbu, choo kisichochimbwa, maji machafu. Adui wa leo haonekani kwa macho ila kwa kipimo. Anayengoja kuumwa ndipo apime, amekwisha kuchelewa.

Wapo watakaosema kuwa kuhimiza wajibu wa mtu binafsi ni kumlaumu mgonjwa. Hoja hii ina uzito. Bibi wa Makete, aliyewazika wanawe kwa UKIMWI kisha akalea wajukuu, hakuchagua mzigo ule. Zahanati iliyo mbali na dawa isiyokuwapo si makosa yake, na hapana budi tuendelee kuidai Serikali itimize ahadi ya Sera ya Taifa ya Wazee ya mwaka 2003. Lakini bibi huyo akipooza, wajukuu hupoteza mlezi kwa mara ya pili. Kwa hiyo afya yake si jambo lake peke yake, na kumwambia ukweli si kumlaumu. Mizani ya Iringa haikumtukana mama yeyote; ilimpa habari, na ikawapa majirani sababu ya kumsaidia.

Yaliyo ndani ya uwezo wetu si machache. Chumvi isizidi gramu 5 kwa siku, yaani kama kijiko kimoja cha chai, ikihesabiwa pamoja na ile ya chipsi na ya mezani. Tumbaku iachwe, ulanzi na bia vipunguzwe. Wakati wa baridi ya Juni na Julai tusijifungie na moshi wa kuni jikoni, maana mapafu nayo huzeeka. Sisi wa mjini, tunaopanda bodaboda kwa safari ya dakika kumi, tutembee. Nusu saa kwa siku, siku tano kwa juma, yatosha kwa kuanzia. Na aliyepewa dawa asiiache kwa sababu anajisikia nafuu, kwani nafuu hiyo ndiyo kazi ya dawa.

Napendekeza kila shule ya sekondari ya Mbeya na Iringa iwe na kipimo kimoja cha shinikizo la damu katika chumba cha baiolojia. Wanafunzi wajifunze kukitumia chini ya uangalizi wa mwalimu na mhudumu wa afya. Siku ya wazazi kila aliyetimiza miaka 40 apimwe faraghani, apewe kadi yake, na mwenye namba kubwa aelekezwe kituo cha afya. Shule haitatibu. Itafanya kazi ileile ya mizani.

Zamani mama alitubeba mgongoni kwenda kupimwa. Sasa ni zamu yetu kumshika mkono, na tukifika huko, tunyooshe na mkono wetu.