Wanafunzi wa Kibera Nao Waupande Mlima

Hivi karibuni nilialikwa kuzungumza na wanafunzi wa Kambi Muru, mtaani Kibera. Niliwasimulia jinsi nilivyopiga kambi na kuupanda mlima Karthala, volkeno hai yenye kimo cha mita 2,361 katika kisiwa cha Ngazija, nchini Komoro. Kabla sijafika mbali, msichana mmoja aliinua mkono: "Mwalimu, kwa nini mtu aliye na nyumba aende kulala kambini?"

Darasa zima liliangua kicheko. Mimi sikucheka. Kambi Muru, Kambi Lendu na Kambi Aluru ni majina yanayohifadhi asili za askari Wanubi waliopewa makao huko na serikali ya kikoloni. Vizazi vilipita, kambi ikawa nyumbani, na hatimiliki ya ekari 288 haikutolewa hadi mwaka 2017. Mtoto wa hapo ana haki ya kushangaa kwamba kambi yaweza kuwa starehe.

Niliendelea kueleza kwamba Ngazija haina mito ya kudumu kwa kuwa mawe yake ya volkeno hunyonya mvua. Mpanda mlima hubeba maji yake, na wanavijiji hukinga ya mvua katika matangi. Karthala ilipolipuka mwaka 2005, jivu liliyachafua maji hayo. Hapo kicheko kilikoma. Watoto waliozoea kununua maji kwa mtungi waliniuliza: Matangi hayakuwa na vifuniko? Mtungi mmoja hutosha watu wangapi? Nilipowaambia kwamba Wangazija huyaita maji "madji", na kwamba lugha yao na Kiswahili ni ndugu, kisiwa hicho hakikuwa tena ugenini.

Wapo walimu wenzangu wanaodai kwamba safari za milimani ni anasa ya shule za matajiri. Siafikiani nao. Tunamtaka mwanafunzi akariri maneno "volkeno", "kasoko" na "zaha", kisha tunalalamika kwamba insha zake hazina uhai. Ataelezaje kwa ufasaha jambo ambalo hajapata kuliona?

Si lazima tuvuke bahari. Longonot, mlima wa volkeno wenye kasoko kubwa, hauko hata kilomita 100 kutoka Kibera, na hupandwa na kushukwa kwa siku moja. Mwalimu wa Jiografia aandamane na wa Kiswahili. Wanafunzi warudi na insha walizoziandikia ukingoni mwa kasoko. Nasi wa vyuo vikuu tusibaki kuhubiri: tuchangie nauli, tujitolee kuongoza. Mimi niko tayari.

Wahenga walinena kwamba mwenda bure si mkaa bure, huenda akaokota. Swali la yule msichana halikujibiwa darasani. Tumpe nafasi akalijibu mwenyewe, mlimani.